Chakula cha Wachimba Kaburi

Zona Sizemore anasema alivuka kijito kwa miguu, maji yameganda kandokando na katikati bado yanapita, gunia la unga wa mahindi mgongoni na kipande cha nguruwe wa chumvi kimefungwa kwa kitambaa cha meza. Anasema ilikuwa majira ya baridi ya mwaka ule mgodi ulipofungwa, na Delmer Stidham yuko hospitali ya kampuni na mguu uliopondwa na jiwe, na mle nyumbani kwake watoto wanakohoa kama mbwa wa kuwinda. Anasema aliuweka mzigo ndani ya ghala la mahindi, akakaza mlango kwa kijiti, akarudi zake bila kupiga hodi. Hapo huweka kikombe chini kwanza. Kisha anasema kwamba mtoto alikuwa dirishani.

"Yule yule mkubwa. Oma Jean. Tulitazamana hivi ninavyokutazama wewe."

Zamani Zona hakuwa akiyasema haya. Aliyanyamazia miaka mingi, kama sisi sote wa bonde la Crane tunavyoyanyamazia mambo ya namna hiyo. Alianza kuyasema baada ya ule wimbo.

Wimbo wenyewe tuliusikia kwanza dukani kwa Hobart, Jumamosi jioni, redio iko juu ya pipa la misumari. Tulijua Oma Jean ataimba. Wanawake walikuja na viti vyao. Ubeti wa kwanza ulikuwa juu ya mlima, tukatikisa vichwa kukubali. Wa pili ulikuwa juu ya mgodi, na mzee mmoja akajifuta macho. Ukaja wa tatu:

*Moshi ulipanda kila nyumba, kwetu jivu limepoa;*
*jirani hata mmoja hakuja, ni mama tu alotuokoa.*

Hobart alipunguza sauti ya redio bila kuambiwa.

"Labda anasema bonde lingine," mtu mmoja alijaribu.

"Bonde gani lingine? Kwani kazaliwa wapi, Ufaransa?"

Zona alisimama, akaacha kahawa yake haijafika nusu, akatoka.

Na wimbo ule ndio uliomtoa Oma Jean. Kabla yake alikuwa akiimba kwenye karamu za kuuza mikate ya matunda, na asubuhi kwenye redio ndogo ya mji wa wilaya, baada ya bei za nguruwe na kabla ya matangazo ya vifo, kwa gita alilolinunua kwa kuchimba mizizi ya dawa mlimani na mdogo wake Nola akimbebea mfuko. Baada ya wimbo ule alikwenda Nashville na hakurudi kukaa. Alipata basi lenye jina lake ubavuni na buti nyeupe. Miaka imepita, nyimbo nyingine zimekuja na kuondoka, zake na za wenzake, lakini ule watu hawauachi. Mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona makaa ya mawe, wanauomba kwa kupiga miguu chini mpaka auimbe, na akifika ubeti wa tatu wanalia.

Aliwajengea wazazi nyumba nyeupe yenye bomba jikoni. Mama yake, Verdie, aliendelea kwenda na ndoo kisimani kwa sababu, alisema, maji ya bomba yana ladha ya senti. Kisimani ndiko wanawake wanakozungumza. Lakini tangu ule wimbo, Verdie akitokea kwenye njia, mazungumzo yalikuwa yakikatika, mmoja anasema, "Karibu, dada Verdie, chota tu," na wote wanampisha kama mgeni.

*

Delmer alikufa Jumanne, asubuhi, vumbi la mgodini limemjaa kifuani. Alikufa akiwa ameketi, kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda tangu kiangazi. Verdie akamwosha na kumfunga kidevu, akamwambia Nola avae koti aende kwa akina Sizemore.

Huku kwetu kaburi haliombwi. Unapeleka habari tu. Unayempelekea anasema pole, halafu anasema, "Tutakuja asubuhi," na kesho yake wanaume wanakuja na sepetu, wanachimba, wanazika, wanakula nyumbani kwa marehemu. Grover, mume wa Zona, ndiye aliyekuwa akiwakusanya wachimbaji wa bonde zima. Yeye na Delmer waliianza kazi hiyo pamoja wakiwa vijana, na watoto wa bonde humwita yeye Mjomba na Zona Shangazi ingawa si wa damu.

Nola alimkuta Grover uani akinoa shoka.

"Baba amefariki, Mjomba Grover."

Grover alisimamisha jiwe la kunolea. Alivua kofia, akaishika kifuani muda mrefu. "Mwambie mama yako pole sana. Delmer alikuwa mtu."

"Ahsante."

Nola alingoja. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Zona akikwangua sufuria, akikwangua mahali pale pale. Grover aliirudisha kofia kichwani, akalitazama shoka upande mmoja, akaligeuza, akautazama wa pili.

"Njia ina barafu," alisema. "Angalia unapokanyaga."

Nola aliporudi, Verdie alikuwa akipiga pasi shati jeupe la Delmer.

"Kasemaje?"

"Kasema pole."

"Halafu?"

"Basi."

Verdie aliirudisha pasi jikoni ipate moto, akachukua ile nyingine. "Labda kasahau. Amezeeka."

"Mama. Mjomba Grover hawezi kusahau kaburi."

"Nimesema labda," Verdie alijibu, akaanza kola upya ingawa ilikuwa imenyooka.

*

Oma Jean aliwasili mchana kwa gari refu lililogota mawe yote ya njia yetu. Alikuja na nyama ya paja ya kopo, mikate ya dukani na shada kubwa la maua lililotumwa na kampuni ya santuri. Maua yalikuwa yamepangwa kwa umbo la gita.

Verdie alilizunguka lile shada mara moja.

"Delmer hakupiga gita."

"Najua, Mama. Wametuma wao."

"Liweke barazani. Mbuzi wa Hobart wasilione."

Hapo wote watatu wakacheka kidogo, na katika kucheka Oma Jean akaanza kulia. Aliingia chumbani akakaa na baba yake. Alipotoka alikuwa amevua buti na kuvaa viatu vya zamani vya Nola, na akauliza wachimbaji wanakuja saa ngapi.

Nola alivuta bakuli la viazi.

"Mbona mmenyamaza? Mjomba Grover mgonjwa?"

"Mzima," alisema Nola.

"Basi kama hawawezi, nitapiga simu mjini. Wako watu wenye mashine, wanamaliza kabla kahawa haijapoa. Nitawalipa mimi."

Verdie aligeuka. Hakupandisha sauti, hajawahi kuipandisha. "Nusu ya watu walioko juu ya ule mlima, baba yako ndiye aliyewachimbia. Alichimba kwenye mvua. Alimchimbia mtoto wa Hobart ardhi ikiwa ngumu kama chuma, wakawasha moto juu yake kwanza ilainike. Hatafukiwa na mtu anayetazama saa. Kama hawaji, nitachimba mimi na Nola."

"Mama, una miaka sabini."

"Nitachimba polepole."

"Lakini kwa nini wasije? Tumewakosea nini?"

Nola alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini. Yeye ndiye aliyebaki, mtoto pekee ambaye hakwenda viwandani Ohio wala Nashville, na alikuwa amelingoja swali hili miaka mingi, akidhani siku likija atalijibu kwa ukali. Sasa aliona hana ukali, amechoka tu.

"Wimbo wako, dada."

"Wimbo gani?"

"Unao mwingine? Ubeti wa tatu. Jirani hata mmoja hakuja."

"Ni wimbo tu, Nola."

"Kwako. Wewe unauimba unapanda basi. Mimi nachota maji na wake zao."

Oma Jean alikaa kwenye kiti cha baba yake. "Sikumsema mtu. Niliimba kilichotokea. Nilikuwa nimelala chini ya lile blanketi la kijani na tumbo linaniuma kwa njaa. Kuna mtu alikuja? Wewe ulikuwa mchanga, hukumbuki. Nani alikuja?"

"Shangazi Zona anasema alileta unga. Anasema ulimwona."

Oma Jean aliinuka kitini. Aliitazama ile pasi, akalitazama dirisha la nyumba mpya, ambalo silo lile la zamani. "Kulikuwa na mwanamke," alisema taratibu. "Ghalani. Nilidhani anaiba. Nilikuamsha, Mama. Ukaniambia nimeota."

"Ulikuwa na homa," alisema Verdie.

"Na ule unga tuliokula siku ile? Ulisema uliuficha akiba chini ya pipa."

Verdie alichukua ndoo, ingawa ilikuwa imejaa, akatoka nayo.

Kilichomtoa si hasira. Hakuwa amedanganya kwa ubaya, na hakuwa peke yake. Ndivyo tunavyofanya huku. Anayetoa hupita kabla hakujapambazuka, anaacha kitu mahali kitakapoonekana, anaondoka asionekane. Anayepokea hashukuru, kwa kuwa akishukuru amekifanya deni. Na watoto hawaambiwi. Mama yake Verdie alimfundisha kwamba mtoto akijua amekuzwa na unga wa jirani atatembea ameinama maisha yake yote, na Verdie hakutaka hata mmoja wa watoto wake ainame. Oma Jean hakuinama. Alinyooka mpaka Nashville, akasimama mbele ya watu akaimba alichoambiwa. Verdie aliusikia wimbo ule mara ya kwanza na akajisikia vizuri, hilo ndilo lililomchoma baadaye. Mchungaji wa mji asioujua alimtumia salamu kwa barua: kwa mama aliyewaokoa watoto wake peke yake. Aliziweka kwenye kabati. Alipoanza kuelewa kisimani, wimbo ulikuwa umeshakwenda mahali ambapo yeye asingeweza kuufuata.

*

Asubuhi wanaume walikuja. Nola ndiye aliyewaona kwanza, wanapanda mlima kwa upande wa nyuma, sepetu mabegani, Grover mbele na wanawe Estill na Burl nyuma yake, na wengine wanne. Hawakupita uani. Kwa kawaida hupita, huvua kofia mlangoni, hupewa kahawa.

"Wamekuja," alisema Oma Jean, akashusha pumzi. "Unaona, Mama? Wamekuja."

Verdie alikwenda jikoni. Aliweka maharage motoni, akatia kipande cha nguruwe, akakanda mkate wa mahindi. Nyama ya kopo aliiacha kwenye kopo lake. Alitoa keki ya matufaha yaliyokaushwa, akatandika meza kwa sahani zote alizokuwa nazo, na moja ya Nola iliyokuwa na ufa akaiweka mahali pake mwenyewe.

Walimzika Delmer mchana. Mhubiri alikuwa akiutoa wimbo mstari mmoja mmoja, na watu wanaupokea na kuuvuta, bila gita wala kinanda, kama unavyoimbwa tangu mababu. Oma Jean aliimba pamoja nao. Aliishusha sauti yake mpaka ikazama ndani ya zao, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Zona alisimama upande wa pili wa kaburi. Alikuwa amekuja mikono mitupu, na mwanamke wa kwetu kwenda msibani mikono mitupu ni kama kwenda bila viatu. Hata mhubiri aliliona hilo akatazama pembeni.

Waliposhuka, Verdie aliwatangulia ili akaonje chumvi. Watu wa mbali walipanda magari yao. Wachimbaji walifika kwenye uzio wakasimama nje yake, wakavaa makoti.

Kwetu wachimba kaburi ndio wanaokula kwanza. Wafiwa huwapakulia na kusimama ukutani mpaka washibe. Nyumba ambayo wachimbaji wake hawakula, watu huitaja kwa sauti ya chini kizazi kizima. Verdie alikuwa na nyumba nzuri kuliko zote bondeni na binti anayejulikana mpaka ng'ambo, na alikuwa amesimama barazani na upawa mkononi akitazama wanaume saba wakifunga vifungo.

Oma Jean aliliendea lango.

"Mjomba Grover, chakula kiko tayari."

"Tumeshukuru."

"Mtaondokaje bila kula? Mmefanya kazi tangu asubuhi. Mama amepika kwa mikono yake."

"Tunajua anavyopika," alisema Grover, bila ubaya. "Tumemchimbia Delmer. Delmer hakuimba kitu."

"Kama ni kuomba radhi, naomba. Kama ni gharama ya—"

"Usiseme hilo neno, mwanangu. Tafadhali. Usilimalizie."

Burl, mwana mdogo wa Grover, mtu mzima mwenye ndevu, alicheka kwa pua. "Nyie si hamna majirani? Sasa sisi tungekula kama nani? Wapita njia?" Estill akamkanyaga mguu, lakini Burl alikwishaanza. "Sisi hatujala cha mtu. Hata mwaka wa mgomo wa mgodini, Baba yuko jela, hatukula cha mtu. Mjomba wa Ohio alitutunza. Na hatukwenda redioni kutukana bonde zima."

"Burl," alisema Grover. "Funga mdomo."

"Nasema kweli tu."

"Nimesema ufunge."

Zona alikuwa amesogea karibu na uzio, shali imemkaza mabegani. Oma Jean alimtazama. Walikuwa hawajatazamana uso kwa uso tangu siku ya dirisha, au hivyo ilionekana.

"Shangazi Zona, nilikuona," alisema Oma Jean. "Ni kweli. Nilikuwa dirishani. Nilidhani umekuja kuchukua. Nikaambiwa nimeota, na chakula ni akiba ya nyumba. Nimeishi nikijua hivyo. Sijaimba uongo, nimeimba nilichoambiwa."

Upepo ulilivuta lile gita la maua, likaanguka barazani. Hakuna aliyeliokota.

"Uliambiwa na nani?" aliuliza Zona. Alijua. Kila mtu pale alijua. Lakini aliuliza.

Oma Jean aligeuka kuielekea baraza. Hakuwa akigeuka kwa ukatili. Alikuwa amechoka kubeba lawama isiyo yake, na alidhani, kwa jinsi watu waliokaa mjini wanavyodhani, kwamba jambo likisemwa waziwazi limekwisha. Tena aliamini anamwokoa mama yake: neno moja, na lango linafunguliwa, na maharage yanaliwa, na kesho kisimani wanawake wanaendelea kuzungumza.

Verdie aliwatazama wanaume. Alimtazama Burl zaidi. Mwaka wa mgomo, Grover akiwa jela ya wilaya, maziwa ya Zona yalikauka na Burl alikuwa na wiki chache tu duniani. Kila alfajiri ya majira yale ya baridi Verdie aliacha chupa ya maziwa ya ng'ombe wake nyuma ya banda la Sizemore, na Delmer akapeleka nusu ya nguruwe na viazi. Zona aliwaambia wanawe vimetoka kwa kaka yake wa Ohio. Kaka huyo alikuwa mlevi ambaye hakuwahi kutuma hata kadi. Hili Nola halijui, wala Oma Jean. Burl na Estill hawalijui. Mahali pale walilijua watu watatu: Grover, aliyekuwa akitazama ardhi, Verdie, na Zona, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, kama wa mtu aliyevuta uzi wa sweta ya mwenzake akaona ni yake mwenyewe inayofumuka. Alitikisa kichwa kidogo sana kumwelekea Verdie. Haikueleweka alikuwa anamwambia aseme, au asiseme. Verdie akieleza kwa nini aliwaficha wanawe, Burl naye angeanza kuuliza juu ya mjomba wa Ohio.

Nyuma ya Verdie sufuria ilichemka ikamwaga maji kwenye jiko, na Nola akakimbia kuiepua.

"Mama," alisema Oma Jean. "Wewe ndiye utakayebaki nao. Waambie nani aliyesema hakuja mtu."

Estill alishusha sepetu yake begani na kuiegemeza kwenye uzio. Wengine wakasimama walipokuwa, vifungo nusu, wakimtazama Verdie, na mvuke wa maharage ukitoka mlangoni ukiwafikia.

"Waambie, Mama."